Abiria wa Dhati

Marehemu, Mungu amlaze pema, aliendesha lori la mizigo kwa miaka ishirini na miwili kabla ya kuhamia kwenye treni ya mjini, na kwa sababu hiyo mikono yake haikukubali kamwe kwamba chombo kinaweza kukata kona bila mtu kukikatisha. Wiki ya kwanza ya mafunzo mwalimu alimwona, kila penye kona, akizungusha hewa.

"Unafanya nini, mzee?"

"Nakata kona."

"Reli inakata yenyewe."

"Mimi najua. Mikono ndiyo haijui."

Wiki ya pili akaja na usukani wa lori lake la zamani, ule mkubwa mweusi uliosuguliwa na viganja vyake mpaka ukang'aa, akaupakata mapajani na kuanza safari. Tangu siku hiyo hakukosa kona hata moja. Mkaguzi alipomkuta nao alitaka kumwandikia barua. Marehemu akamweleza kwa upole kwamba usukani ule haujaunganishwa na kitu chochote isipokuwa roho yake. Mkaguzi akafungua kitabu cha kanuni, akapekua mwanzo hadi mwisho, hakuona mahali panapomkataza dereva kushika kitu kisichofanya kazi. Akamwacha. Ndipo watu wakaanza kumwita Usukani, dereva pekee mjini mwenye jina hilo, ingawa kazi yake haikuhitaji usukani.

Treni yenyewe, kwenye mabango ya manispaa, iliitwa reli nyepesi. Ilikuwa na mabehewa mawili ya rangi ya maziwa, ilikwenda kwa umeme, na vituo vyake vilikuwa tisa, kuanzia sokoni hadi ukingoni mwa mji, mahali palipopangwa kujengwa uwanja wa mpira. Uwanja haukujengwa. Kikabaki kituo kinachoitwa Uwanjani, chenye milango kumi ya kupitishia mashabiki, na mbuzi watatu waliokuwa wakipita mlango wowote waupendao.

Kila Jumapili baada ya ibada ndugu walikula nyumbani kwa Usukani, na kabla sahani hazijafika mezani shemeji yake alikuwa ameshaanza. Huyu shemeji, mdogo wake mkewe, alikuwa na basi dogo alilolinunua kwa jasho lake na kuliendesha mwenyewe.

"Shemeji, lile kabati lako wiki hii limebeba watu wangapi?"

"Wa kutosha."

"Wa kutosha kiti kimoja, au viwili? Maana wanaiita nyepesi, na nyepesi lazima iwe, haina kitu ndani. Mimi barabara ikifungwa napita uchochoroni. Watu wakihama, nahama nao. Wewe mji ukihamia upande wa pili utabaki unawapigia kengele mbuzi."

"Na wewe ukikwama kwenye foleni asubuhi, unahamia wapi? Paani? Mimi njia yangu ni yangu. Behewa langu moja linameza mabasi matatu kama lako, halitoi moshi, na mtu akijenga karibu na kituo analala akijua kesho kituo kipo. Basi lako leo lipo, kesho liko gereji."

"Gereji ni mara moja!"

"Mara moja kwa wiki."

"Nyinyi wawili," alisema dada yake Usukani, ambaye ukoo mzima ulimwita Shangazi, hata wale wasiostahili kumwita hivyo, "mnagombana kama watoto wanaogombea dirisha. Ombeeni chakula, kinapoa."

Mkewe Usukani hakuingilia. Alikuwa na sababu ya kunyamaza, maana mmoja alikuwa mumewe na mwingine mdogo wake, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa kiini cha ubishi wote.

Magoti yake yalikuwa yamegoma miaka tisa kabla ya treni. Basi la mdogo wake lilikuwa na ngazi tatu ndefu, na mara mbili alipojaribu kupanda walimbeba kama gunia la mkaa, mmoja kashika huku, mwingine huku, wa tatu anatoa ushauri. Mara ya pili alikula kiapo kwamba hatabebwa tena mpaka siku ambayo hatakuwa na la kusema. Kuanzia hapo mji wake uliishia getini. Aliujua upande wa barabara unaoonekana kutoka pale, na ule mwingine alisimuliwa.

Treni ilipokuja, sakafu ya behewa na ukingo wa kituo vililingana kama meza mbili zilizosogezwa pamoja. Siku ya kwanza alisukuma magurudumu ya kiti chake mwenyewe, akaingia, hakuna aliyemgusa. Alitazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu aliyeiba kitu na hakuna aliyepiga kelele. Tangu hapo, saa tatu kila asubuhi alikuwa kituoni. Alikwenda hadi Uwanjani, akarudi, na siku nyingine akarudia tena. Hakununua kitu, hakumtembelea mtu. Aliyemuuliza anakwenda wapi alijibiwa, "Nakagua kama mji bado upo."

Kwa hiyo wakubwa wa manispaa walipokaa kujadili kama reli nyepesi ina faida kwa mji, walizungumzia foleni, hewa na bei ya umeme. Usukani alikuwa na hoja moja tu, nayo ilikuwa imekaa behewa la kwanza karibu na mlango, imejifunga mtandio.

Wakubwa hao wakaunda kamati, na kamati ikamtuma karani. Ilipigwa kura ya karatasi ndani ya kofia, zamu ya Usukani ikachaguliwa kuwa kipimo cha zamu zote. Karani angepanda kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi saa sita mchana, ahesabu. Wakifika abiria mia sita wa dhati, reli inabaki. Wakipungua, inang'olewa na vyuma vinauzwa.

Jumatatu jioni, treni ikiwa imesimama mwisho wa njia, Usukani alimwendea karani huyo. Alikuwa dada wa makamo, kalamu tatu mfukoni, fomu zake zimefungwa kwa mpira. Kabla ya kula mkate wake alifumba macho akaomba, jambo lililompa Usukani moyo.

"Tumefika wangapi, mwanangu? Leo walikuwa wengi."

"Waliopanda ni wengi, baba. Lakini si kila anayepanda ni abiria."

"Kama si abiria ni nani, fundi?"

Karani akamfunulia fomu. "Kuna aliyehama. Huyu angekwenda kwa basi au gari, treni ikamtoa barabarani. Huyo ni abiria wa dhati, namwandikia moja. Kuna aliyepumzishwa. Huyu angetembea kwa miguu, namwandikia sifuri. Halafu kuna safari iliyozuka. Treni isingekuwepo, huyu angekaa nyumbani kwake. Hakupunguza gari hata moja barabarani, na nafasi kaichukua. Huyo namwandikia hasi moja."

"Hasi moja ndiyo nini?"

"Akipanda, wanapungua."

Usukani alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Nipe mfano."

"Yule mama wa kiti cha magurudumu. Mama mzuri sana, kanipa na pipi. Nilimuuliza, treni isingekuwepo saa hizi ungekuwa wapi? Akasema, getini. Leo amepanda mara nne. Hasi nne."

Usukani alipangusa dirisha lililokuwa safi. Hakusema kwamba yule mama ni mkewe. Alimtazama karani akatafuta ubaya usoni mwake, hakuuona. Alikuwa mtu aliyetumwa kuhesabu, naye alikuwa anahesabu.

Njiani kuelekea nyumbani aliligeuza jambo hilo kila upande na kila upande lilikuwa lilelile. Ili mkewe asikose treni, ilibidi mkewe asipande treni. Na hakuwa na namna ya kumwambia. Unamwambiaje mwanamke uliyeishi naye miaka thelathini kwamba serikali imempima na kukuta ni pungufu ya hakuna mtu?

Basi akadanganya. Tangu wafunge ndoa hakuwa amemdanganya, ukitoa yale ya kusema chumvi imekolea.

"Mlango wa treni umeharibika. Mafundi wamesema wiki nzima."

"Ipo milango minane."

"Yote."

"Watu wanaingiaje?"

"Kwa miguu," alisema Usukani, na papo hapo akatamani ardhi immeze.

"Haya," alisema mkewe, akaendelea kukunja nguo.

Reli ilipita chini kidogo ya nyumba yao. Kwa siku nne zilizofuata Usukani alipita pale, mara kwenda, mara kurudi, na kila alipopita alimwona mkewe getini, mikono mapajani, akiitazama treni yenye milango minane mizima ikifunguka na kufungwa. Sehemu ile reli imenyooka kama rula, lakini wenzake wanasema kila alipofika hapo alizungusha usukani ule kwa nguvu zote, kama mtu anayetaka kukwepa kitu.

Ijumaa jioni hesabu ilikuwa mia tano na sitini. Ilibaki asubuhi moja, na Jumamosi asubuhi watu wa mji ule hulala. Maji yalikuwa shingoni. Usukani akaenda kwa dada yake na kumweleza yote, hasi na sifuri na uongo wa mlango. Shangazi hakushangaa hata kidogo, alisema tu kwamba serikali imechelewa kumhesabu mtu kwa kumtoa. Kisha akaita ukoo.

Pamoja naye walikuwa arobaini na moja, wamejaa sebuleni hadi uani. Shemeji naye alikuwa mmoja wao, kwa kuwa alisikia kuna chai.

"Kesho sote tunapanda," alisema Shangazi.

"Karani atauliza, treni isingekuwepo tungekuwa wapi," alisema Usukani. "Mtasema nini?"

"Tungekuwa tumelala," alijibu mmoja bila kufikiri.

"Basi ni hasi arobaini na moja. Mtakuwa mmeizika wenyewe."

Wakapekua safari zote za duniani. Sokoni? Mtu anaweza kughairi. Kazini? Jumamosi hakuna kazi. Harusini? Watu wanaghairi harusi kwa sababu ya viatu tu.

"Msiba," alisema Shangazi.

Vikombe vya chai vikawekwa chini.

"Hakuna mtu anayekosa msiba kwa ajili ya usafiri. Angekwenda kwa basi, angekwenda kwa trekta. Karani mwenyewe atalijua hilo."

"Lakini dada, huo ni uongo," alisema Usukani, ambaye tayari alikuwa amebeba mmoja na alijua uzito wake.

Shangazi akakunja uso. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha maombi kwa miaka kumi na saba na neno hilo halikuwahi kutajwa mbele yake. "Nani kasema uongo? Tutakwenda msibani kweli. Nyuma ya kituo cha Uwanjani kuna mtaa wa watu elfu ishirini. Hamtaniambia watu elfu ishirini wanaamka Jumamosi wote wazima. Tutaulizia penye msiba, tutatoa pole, tutakaa nao, tutarudi. Ni ibada hiyo."

"Na tukikosa?"

"Omba Mungu."

"Niombe mtu afe?"

"Nimekuambia uombe. Sijakuambia uombe nini."

Shemeji alicheka hadi chai ikampalia. "Mimi nitakuja," alisema, "ila nitakuja kutazama aibu. Basi langu litapumzika kesho."

Jumamosi ukoo ulipanda sokoni ukiwa umevaa nguo nyeusi na za buluu iliyokolea, wamejaa mabehewa yote mawili kwa staha kubwa. Karani alipowaona aliinuka. Alipita kiti kwa kiti akiinamisha kichwa.

"Poleni sana. Samahani, ni kazi. Treni isingekuwepo, mngekwenda?"

"Mwanangu, umewahi kuona mtu anaacha msiba kwa kukosa gari?" alisema Shangazi.

"Sijaona. Marehemu alikuwa nani wenu?"

Shangazi, ambaye hakudanganya tangu ajue kusema, alijibu, "Tutamjua tukifika."

Machozi yalimlenga karani. Aliona ni mtu ambaye akili bado haijakubali. Akaandika moja, akaandika moja, akaandika moja, hadi mwisho wa behewa la pili.

Usukani alisikia hayo yote kupitia mlango wa chumba cha dereva. Ilikuwa mia sita na moja. Ndipo alipoingia kituo cha nne, kile cha chini ya nyumba yake, akaona kiti cha magurudumu kimesimama ukingoni kabisa, kimeshaelekezwa mlangoni. Jirani alikuwa amempigia mkewe simu kutoka sokoni kumuuliza ni nani aliyekufa katika ukoo wao.

Milango ikafunguka. Mkewe akaingia. Alitazama mlango juu na chini, kisha akapaza sauti kuelekea chumba cha dereva. "Naona umepona!"

Usukani alibonyeza kengele, kwa kuwa ndicho kitu pekee kilichokuwa karibu.

"Mama, shikamoo. Nilikukosa," alisema karani kwa furaha ya kweli. "Leo unakwenda wapi?"

"Wanakokwenda hawa. Ndugu zangu wote wamevaa msiba na mimi sikuambiwa nani amekufa."

"Pole, mama. Na treni isingekuwepo..."

"Ningekuwa getini, mwanangu. Kama jana, kama juzi."

Ukoo mzima ulisikia kalamu ikikwaruza. Mia sita kamili.

Saa sita treni ikaingia Uwanjani na zamu ya Usukani ikaisha. Mwenzake alimpokea, naye akashuka akiwa na usukani wake kwapani, akishukuru kimoyomoyo. Yote yangekwisha hapo kama karani angekuwa mtu wa kawaida. Lakini karani alifunga fomu zake kwa mpira, akavuta mtandio begani hadi kichwani, akasema, "Siwezi kuwaacha watu wenye msiba nikarudi ofisini kunywa chai. Mama yangu alinilea. Nawasindikiza."

Wakaanza kutembea. Shemeji alikisukuma kiti cha dada yake, Shangazi alikuwa mbele, na nyuma kabisa Usukani, hajui aweke wapi uso. Waliufuata mtaa wa kwanza, wakaufuata wa pili. Siku hiyo, kwa rehema za Mungu, mtaa mzima ulikuwa hai. Watu walianika nguo. Watu walipaka rangi dirisha. Kila nyumba waliyoitazama ilitoa kicheko au redio. Mwisho Shangazi akasimama dukani.

"Habari, mwanangu. Msiba uko wapi?"

"Msiba gani?" aliuliza mwenye duka.

"Wowote."

Mwenye duka alitazama umati. Aliona ni watu wazito, wametoka mbali, akaona vibaya kuwarudisha mikono mitupu. "Hebu jaribuni nyumba ile ya geti la kijani. Yule mzee aliyekuwa wa posta. Alikuwa anaumwa kikohozi, na tangu Jumatano sijamwona akija kuchukua mkate. Huenda ndiyo hivyo."

"Amina," alisema Shangazi, akageuka kabla hajasikia alichokisema.

Walipofika getini wanawake walianza kulia, kilio cha kweli kabisa, maana wengi walikuwa na mtu wao wa kumkumbuka na nafasi ilikuwa imepatikana. Karani alilia kuliko wote. Mlango ukafunguliwa, akatokea mzee mwembamba, taulo shingoni, kikombe mkononi.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Kilio kikakatika.

Shangazi alijifuta macho. "Tuliambiwa ni wewe."

"Na nani?"

"Mwenye duka."

"Huyo! Ameanza kunizika tangu nilipomwambia mkate wake ni mkavu." Akakohoa, akawatazama mmoja mmoja kwa macho ya mtu aliyepanga barua maisha yake yote. "Na nyinyi ni wa nani? Siwajui hata mmoja. Mmekuja wangapi?"

"Arobaini na watatu," alisema Usukani, "na karani."

"Arobaini na watatu kwa ajili yangu." Mzee alikaa kwenye ngazi ya mlango wake. "Wanangu wako upande wa pili wa mji. Wanasema foleni. Sijawaona tangu mvua zile. Ingieni, msisimame juani. Sababu tutaitafuta tukishakaa."

Wakaingia, wakajaa hadi jikoni. Karani peke yake alibaki amesimama. Alifuta machozi, akafungua mpira, akachomoa kalamu.

"Kwa hiyo hakuna msiba," alisema.

"Mpaka sasa, hapana," alikubali Shangazi.

"Na kama hakuna msiba, hamkuwa na pa kwenda. Mngekuwa nyumbani." Sauti yake ilikuwa ya huzuni, si ya hasira. "Safari arobaini na moja zilizozuka. Itabidi nizigeuze zote."

Usukani akajikaza. Alisimama katikati ya sebule ya mtu asiyemjua, kaukumbatia usukani wa lori, akasema yote: kwamba yule mama ni mkewe, kwamba aliposikia hasi nne alishindwa kulala, kwamba mlango haukuharibika hata siku moja. Alisema akimtazama karani, lakini maneno yalikuwa yanakwenda kwenye kiti cha magurudumu.

Mkewe alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo nikipanda, watu wanapungua."

"Kwa mujibu wa fomu, mama," alisema karani taratibu.

"Na wewe," akamgeukia mumewe, "ukawa unanilindia treni yangu kwa kunizuia nisiipande."

"Nilidhani ni siku tano tu."

"Siku nne nimezungumza na paka. Hata paka mwenyewe alinionea huruma, maana aliiona treni inafunguka."

Mzee wa posta akagonga kikombe mezani. "Karani, hawa wamekuja kumtazama mgonjwa. Mgonjwa ni mimi, kikohozi hiki hapa. Andika hivyo."

"Sababu naweza kubadilisha, baba, fomu ina nafasi ya mgonjwa. Lakini swali linabaki palepale. Treni isingekuwepo, wangefika hapa?"

Shangazi alifungua mdomo. Wote walimtazama. Akaufunga, kwa sababu hakuwa na jibu la kweli.

"Wangefika," ilisema sauti kutoka mlangoni.

Alikuwa shemeji, bado ameshika kiti cha dada yake.

"Kwa njia gani?"

"Kwa basi langu." Alikohoa, ingawa mgonjwa alikuwa mwingine. "Mimi nina basi. Ukoo huu haujawahi kwenda mahali Jumamosi bila basi langu. Harusini, hospitali, kila mahali. Huyu Shangazi akisema inukeni, mimi nawasha injini, hata akisema tukamtafute maiti asiyejulikana, ningewasha. Wanapanda, wanalalamikia viti, wanagombea dirisha. Leo basi limelala nyumbani."

"Kwa hiyo treni imewahamisha kutoka kwenye basi lako."

"Si nimeshasema?"

"Fomu inataka kwa maneno kamili, kaka. Wewe ndiye shahidi."

Shemeji alimtazama dada yake, aliyekuwa amekaa akitazama viganja vyake. Alimtazama Usukani. "Treni," alisema, "ya huyu bwana... imewatoa... barabarani. Wote. Na mimi mwenyewe. Umeandika? Andika kabla sijabadilisha mawazo."

Usukani, Mungu amrehemu, hakucheka. Aliitazama dari kwa muda mrefu sana.

Karani akaandika mgonjwa, mgonjwa, mgonjwa, na mbele ya kila mmoja akaacha ile moja yake. Ikabaki mia sita kamili. Kisha akapokea chai, kwa kuwa wakati huo Shangazi alikuwa ameshaliteka jiko la mgonjwa na anafokea sufuria zake.

Kamati ilikaa miezi mitatu juu ya ripoti hiyo. Nusu walisema mia sita inathibitisha kwamba reli nyepesi ina faida kwa mji. Nusu walisema hesabu inayofika pale pale inapotakiwa lazima ichunguzwe. Mwishowe wakaongeza mwaka mmoja wa majaribio, na mwaka uliofuata wakaongeza mwingine. Mpaka leo hakuna mtu wa manispaa anayeweza kusema kama treni ile inafaa au haifai, na muda wote huo ambao hawajaweza kusema, imekuwa ikipita.

Lakini Jumapili ile, nyumbani, hakuna aliyejua hayo. Mkewe Usukani alipakua chakula bila neno. Shemeji alikula bila neno, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Usukani aliomba radhi mara tatu, na mara tatu akaambiwa apitishe maji.

Jumatatu saa tatu mkewe alikuwa kituoni. Aliingia, akakaa mahali pake karibu na mlango, hakutazama chumba cha dereva. Usukani alidhani atakwenda hadi Uwanjani na kurudi, kama kawaida. Lakini kwenye kituo cha saba, ambako hakuwahi kushuka, alikisukuma kiti chake nje, akavuka ukingo, akaingia mjini peke yake.

Usukani alipita tena baada ya nusu saa, akamwona yuko mbele ya duka la vitambaa. Alipita tena, akamwona chini ya kivuli cha ukuta, anazungumza na mwanamke asiyemjua. Alipita tena, hakumwona kabisa, na safari hiyo yote hakukumbuka aliiendeshaje. Mara ya nane alisimama pale, akafungua milango yote, akasubiri kuliko kanuni inavyoruhusu, hadi abiria wakaanza kuguna.

Mkewe alikuwa hatua chache tu kutoka ukingoni, katikati ya wanawake watatu, kitambaa kimetandazwa mapajani, anawaeleza jambo kwa mikono miwili. Aliinua kichwa, akamwona dirishani. Hakukasirika, hakutabasamu. Akampungia mkono aendelee tu, yeye bado hajamaliza.

Akafunga milango, akaenda.